SUMBAWANGA: TUPENI SUMU, MSIMTUPE MTU

Wazee wa Kifipa wasema kwamba jina la Sumbawanga ni amri. Sumba ni kutupa. Wanga ni uchawi. Mgeni aliyepanda uwanda huu ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa aliambiwa autupe kwanza uchawi wake, kisha ndipo akaribishwe ndani. Wako watu wa mbali walitajao jina hilo kwa mzaha, kana kwamba lasifu uchawi. Wamelielewa kinyume. Ni jina la mji uliokataa kuishi pamoja na madhara yafanywayo kwa siri.

Twaikumbuka amri hiyo leo kwa sababu dunia imeleta madhara mengine ya siri, yasiyokaa katika pembe wala hirizi, bali katika vifuko vidogo vya nailoni. Nayo yamejipa jina la heshima. Hapa Rukwa, unga ni chakula: ni mahindi yaliyolimwa, yakapukuchuliwa, yakasagwa, yakawa ugali wa watoto. Katika vichochoro vya miji mikubwa neno hilohilo limeibwa, likavikwa sumu. Mtu akisema huko kwamba fulani anabwia unga, hana maana kwamba fulani ameshiba; ana maana kwamba fulani anakwisha.

BARABARA HAICHAGUI MZIGO

Atauliza ndugu mmoja: mbona mwaandika habari za kokeini kwa watu wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti? Mti wa koka hauoti Ufipa. Ni kweli. Mti huo hulimwa hasa katika nchi za Kolombia, Peru na Bolivia, ng'ambo ya bahari mbili. Ni kweli pia kwamba adui aliyezoeleka katika vijiji vyetu ni pombe kali na bangi, wala si kokeini. Nasi hatuandiki ili kuwatia watu hofu ya bure.

Lakini hebu tuitazame ramani. Kwa miaka mingi Ufipa ilifungwa na matope. Msafiri wa masika aliyetoka Tunduma kwenda Sumbawanga hakujua atalala Laela au atalala njiani. Katika muongo wa 2010 barabara hiyo, yenye zaidi ya kilomita 220, ilitiwa lami. Leo malori ya nafaka yapita usiku na mchana. Njia nyingine yateremka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, na mpaka wa Zambia u karibu. Hayo ni matunda ya maendeleo, nasi tunayafurahia. Hata hivyo barabara haichagui mzigo. Ile ipitishayo mahindi ya mkulima yaweza kupitisha pia kifuko cha mlanguzi.

Wala hili si jambo la kubuni. Mwezi Desemba mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za dawa za kulevya za aina ya heroini na methamfetamini, katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Iringa haina bahari. Iringa iko juu ya barabara kuu ileile iendayo Mbeya na Tunduma, nayo Tunduma ndiyo mlango wetu. Safari ile shehena haikuwa ya kokeini. Lakini mfanya biashara wa sumu hana dini ya bidhaa. Hubeba kile chenye faida, na hupita pale palipo na usingizi.

NUSU SAA YA FURAHA

Yafaa kila mwanachama na kila mfanyakazi aelewe sumu hii hufanya nini, maana kijana hawezi kuogopa jambo ambalo mzazi wake mwenyewe hawezi kulieleza.

Watu wa milima ya Andes walitafuna majani ya koka tangu zamani ili kustahimili njaa na baridi ya mwinuko. Madhara makubwa yalianza pale wataalamu wa Ulaya walipokamua nguvu ya majani hayo ikawa unga. Mwaka 1860 mkemia Mjerumani, Albert Niemann, aliueleza unga huo na kuupa jina la kokeini. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba wafaa kuyatia macho ganzi wakati wa upasuaji. Hivyo ulianza kama dawa. Haukupita muda, watu wakautumia kwa starehe, na waliokuja kwa starehe wakabaki kwa utumwa. Dunia ilikubaliana kuudhibiti, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ndio msingi wa sheria za mataifa mengi hata leo.

Kazi yake mwilini ni hii. Mtu akila akashiba, au akimaliza kazi aliyoipenda, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, naye huona raha. Kisha ubongo huikusanya tena kemikali hiyo, na raha hupoa kwa kiasi chake. Kokeini hulifunga lango la kuikusanya. Dopamini hurundikana, na mtu hujiona hodari, hachoki, hana njaa, hana wa kumshinda. Akiivuta kwa pua, hali hiyo hudumu nusu saa hivi. Baadaye huanguka chini kuliko alipokuwa kwanza: huzuni, hasira, wasiwasi, na hamu kali ya kuanza tena. Kila mara huhitaji zaidi ili apate kidogo kuliko jana.

Moyo hulipa gharama ya nusu saa hiyo. Mapigo huenda mbio, mishipa hubana, shinikizo la damu hupanda. Kijana asiye na ugonjwa wowote aweza kufa kwa mshtuko wa moyo au kupooza upande mmoja. Akichanganya na pombe, hatari huzidi. Wavutao kwa pua hutobolewa ukuta wa pua. Wengine huingiwa na shuku, wakaona adui katika kila kivuli, hata katika uso wa mama yao.

Wako pia wale ambao hawaitumii bali huibeba. Wao huitwa punda, na jina hilo latosha kuonyesha jinsi wanavyothaminiwa na mabwana zao. Humezeshwa vidonge vilivyofungwa kwa mpira, wakapandishwa ndege. Kimoja kikipasuka tumboni, mtu hufa kabla hajafika. Wale wasiokufa, wengi huishia gerezani katika nchi za watu. Mwaka 2013 zilichapishwa barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa biashara hii, wakiwasihi vijana wenzao nyumbani wasidanganywe kama wao walivyodanganywa. Aliyewatuma hakufungwa pamoja nao.

Ndugu zetu, tuutazame mnyororo huu kwa macho ya mtu anayejua unyonyaji ni nini. Mkulima wa koka katika milima ya Andes ni maskini. Punda ni maskini. Mtumiaji huanza akiwa na kazi, akaishia kuwa maskini. Katikati yao yuko kupe mmoja asiyelima, asiyebeba wala asiyetumia, naye ndiye anayejenga majumba. Twalijua jambo la namna hii tangu siku za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapa kilichobadilika ni mirija tu.

Na katika nyumba ya mkulima uharibifu huja kwa ngazi, sumu iwe kokeini, heroini au nyingine. Kwanza hupotea simu, kisha baiskeli. Siku moja baba aamka kwenda shambani asione plau. Wakati mwingine huuzwa maksai wa kulimia, na msimu mzima wa familia huondoka kwa moshi. Mama huficha, kwa kuwa aona aibu. Jirani ajua lakini hanyamazi wala hasaidii, husengenya. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Humuumbua mgonjwa, na huwaumbua waliomficha.

MNYORORO WA USHAHIDI

Sasa tuje kwenye mahakama, maana huko ndiko sumu hii huua kitu kikubwa kuliko mwili wa mtu mmoja.

Sheria yetu ni kali. Ile ya mwaka 1995 ilifuatwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, na Mamlaka yenyewe ikaanza kazi mwaka huo wa 2017. Adhabu ya ulanguzi yaweza kufikia kifungo cha maisha, na kwa kiasi kikubwa cha dawa mshitakiwa hapati dhamana. Lakini ukali wa sheria si kitu ikiwa ushahidi umeoza mikononi mwetu.

Tutaeleza kwa lugha ya ghala, ambayo watu wa Rukwa waijua vema. Mkulima apelekapo mahindi kwenye ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, gunia hupimwa, huandikwa, hutolewa stakabadhi, hutiwa saini. Gunia likihama, kalamu huhama nalo. Likipungua, karani aulizwa: nani alilipokea, nani alilitoa? Ushahidi wa dawa za kulevya huenda hivyohivyo. Askari aliyekamata hujaza hati ya ukamataji mbele ya shahidi aliye huru. Kifuko hufungwa kwa lakiri na kutiwa alama. Mtunza stoo hukipokea kwa maandishi. Hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye hupima na kusema ni kitu gani. Kisha hurudi mahakamani, na kila aliyekishika husimama na kueleza. Mahakama ya Rufani yetu imesisitiza mara nyingi kwamba mnyororo huo usikatike, kwa kuwa unga waweza kubadilishwa na unga mwingine kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Pete moja ikikatika, hutokea moja kati ya maovu mawili. Mlanguzi wa kweli hutoka mahakamani akicheka, na watu huapa kwamba hakimu amehongwa, hali hakimu ameifuata sheria na uzembe ulifanyika mbali na meza yake. Au hutokea lililo baya zaidi: mtu asiye na hatia, aliyewekewa kifuko katika mzigo wake na adui au na mwenye kutaka rushwa, hupotezwa gerezani kwa maisha yake yote. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba karatasi hizo ni urasimu. Karatasi hizo ndizo ukuta kati ya haki na dhuluma.

Anayetaka kuona ukuta huo ukibomoka na aitazame Guinea-Bissau. Ni nchi ya Amilcar Cabral, aliyeuawa mwaka 1973 kabla ya kuuona uhuru wa watu wake. Nchi ambayo wapigania uhuru wake walikuwa ndugu zetu katika siku ambazo Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa karne hii walanguzi wa Amerika ya Kusini waliona visiwa vyake visivyo na walinzi na askari wake wasiolipwa, wakaifanya kituo cha kupitishia kokeini iendayo Ulaya. Mwaka 2006 polisi wake walikamata zaidi ya kilo 600. Shehena ilitwaliwa na wanajeshi, ikawekwa katika hazina ya Serikali, kisha ikatoweka. Polisi walifanya kazi yao, lakini mnyororo ukakatika ndani ya nyumba ya Serikali yenyewe. Mwaka 2024, ndege iliyotoka Venezuela ilikamatwa mjini Bissau ikiwa na zaidi ya tani 2 za kokeini. Miaka 18 imepita kati ya tukio lile na hili, na mapambano hayajaisha. Uhuru ulionunuliwa kwa damu msituni wapiganiwa upya katika stoo ya vielelezo.

Ahadi ambayo Chama hiki kiliirithi kutoka TANU yamfunga mwanachama asipokee rushwa wala asiitoe. Mtu aweza kudhani kwamba ahadi hiyo yahusu viongozi wakubwa tu. La. Yamhusu askari wa kizuizini anayepewa noti ili asifungue turubai. Yamhusu mtunza stoo anayeazimisha ufunguo. Yamhusu shahidi anayelipwa nauli ili asifike mahakamani. Mlanguzi hanunui Serikali nzima. Hununua pete moja tu ya mnyororo, na hiyo humtosha.

SI KILA ANAYENONG'ONWA NI MKOSAJI

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote.

Ufipa ina historia ya kusaka madhara ya siri kwa njia isiyo ya sheria. Katika miaka ya 1963 na 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, ilipita katika vijiji vya uwanda huu harakati iliyoitwa Kamcape. Wenyewe walikwenda kijiji kwa kijiji wakidai kuwatambua wachawi na kuwasafisha kwa dawa. Vijana wengi waliwashangilia; walioshutumiwa mara nyingi walikuwa wazee. Serikali ilipinga mwenendo huo. Waliowaita hawakuwa watu wabaya. Walichoka na vifo na magonjwa, wakatamani kijiji kisafi kwa siku moja. Lakini njia waliyoichagua haikuwa na shahidi, haikuwa na hakimu, haikuwa na rufani. Ilikuwa na kidole tu.

Kidole hicho chaweza kurudi leo kwa jina jipya. Kijana akijenga nyumba ya bati upesi, hunong'onwa kwamba auza unga. Dereva akikonda, huitwa teja. Mwezi Februari mwaka 2017 majina ya watu wengi wakiwamo mashuhuri yalitangazwa hadharani Dar es Salaam kuhusu dawa za kulevya, wakaitwa kuhojiwa. Na baadhi yao hawakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Nia ya kupambana ilikuwa njema. Lakini jina la mtu likishatajwa sokoni halirudi nyumbani safi, hata kama ushahidi haukupatikana. Mlanguzi hapendi kitu kuliko uvumi, maana katika kelele za watu mia wanaosingiziwa, yeye wa kweli hujificha vizuri.

Tena tusimchanganye mgonjwa na muuaji. Aliyenaswa na utumwa wa sumu ni mgonjwa, hata kama amekosa. Nchi yetu imeanza kulitambua jambo hilo kwa vitendo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini, na huduma hiyo ikaenea katika mikoa mingine, Mbeya ikiwa mojawapo. Wengi waliokuwa wamezikwa wangali hai wamerudi kazini. Hata hivyo methadoni huhitaji mtu afike kituoni kila siku. Kwa mtu wa Namanyere au Mtowisa, Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Na kwa kokeini hakuna hata dawa mbadala iliyo mfano wa methadoni. Tiba yake ni ushauri wa muda mrefu, kazi, na watu wasiomkimbia mgonjwa. Dawa hiyo haiuzwi katika duka lolote. Hutengenezwa nyumbani na kijijini.

WAJIBU WETU

Yatupasa basi kufanya nini?

Kwanza, mashina na matawi ya Chama yafanye jambo hili kuwa agenda ya mkutano kabla halijawa msiba. Balozi wa shina awajue vijana wake, ajue ni nani ameacha shule, ni nani amerudi kutoka mjini hali yake imeharibika. Asiwajue ili awachongee. Awajue ili awafikie mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, wafanyakazi wa uchukuzi, madereva, utingo, wapakuzi wa magunia na makarani wa mizani, wajihesabu kuwa walinzi wa kwanza wa mkoa huu. Mzigo usio na mwenyewe, mzigo wenye malipo makubwa kuliko uzito wake, usibebwe. Nao utolewe taarifa kwa vyombo vinavyohusika, si kwa umbea wa kijiweni. Dereva anayekubali kifuko kwa sababu ya ada ya mtoto ajue kwamba mtoto huyo ndiye atakayesoma bila baba.

Tatu, raia aitwapo kuwa shahidi wa upekuzi, asikimbie. Tumezoea kulalamika kwamba kesi huanguka, na wakati huohuo twakimbia kutia saini hati ya ukamataji na kufika mahakamani siku ya tarehe. Haki haijengwi na mahakimu peke yao. Na askari na maofisa wetu waione kila saini kama risasi: ikikosekana moja, adui hupita.

Nne, wenye mamlaka waisogeze tiba karibu na uwanda huu. Adhabu peke yake ni jembe lenye upande mmoja. Twawafunga walanguzi, na ni sawa. Lakini mteja aliyeachwa bila tiba humtafuta mlanguzi mwingine kesho yake.

Mkulima wa Kifipa ana elimu ya zamani ambayo yatufaa hapa. Katika kilimo chake cha matuta ya ntumba, hukata nyasi, akazifukia chini ya udongo zioze, ndipo tuta lipandwe. Ardhi iliyochoka haikimbii. Huilisha, akangoja msimu, ikamlisha yeye. Mwana aliyechoshwa na sumu naye ni ardhi ya taifa hili. Hatuna nyingine ya kuhamia.

Amri ya wazee iko palepale katika jina la mji, na kila lori liingialo laisoma ubaoni. Ilisema utupwe uchawi. Haikusema atupwe mgeni. Aliyekwisha kuutupa alikaribishwa ndani, akapewa kiti, akala ugali pamoja na wenyeji.